Kabla ya Kufika Chini

Barabara inayoteremka kutoka Kwale mjini hadi Kombani ina mahali ambapo gari hutangulia na tumbo hubaki nyuma. Wanaoipita kila siku wanapajua. Matatu inapanda kilima kidogo, inafika kileleni, dereva hakanyagi breki, na ghafla barabara inaondoka chini ya magurudumu. Ni sekunde moja, au chini ya hapo. Matako yanaachana na kiti, mfuko wa nyanya ulioushika unakuwa mwepesi, na kitu fulani ndani ya tumbo kinapanda mpaka kooni. Nyuma mtoto anacheka. Mbele mama mmoja anasema, "Astaghfirullahi, dereva, tuna roho sisi!" Na wote wawili wamehisi kitu kilekile.

Sisi tuna maneno mengi ya sekunde hiyo. Wengine husema roho imepaa, wengine moyo umeanguka, wengine tumbo limecheza. Hayakubaliani: kwa huyu kitu kimepanda, kwa yule kimeshuka. Wapenzi wa rolakosta, yaani zile treni za michezo zinazopanda na kuporomoka, wao wana neno moja tu, na ni neno ambalo kila Mkenya analijua kwa maana nyingine: eataimu. Kwetu eataimu ni kredo. Unainunua pale kwa duka, unaongea, inakatika katikati ya sentensi, unaomba Okoa Jahazi. Kwao eataimu ni muda ambao mwili uko hewani, haujakaa wala haujasimama. Wanaihesabu kwa sekunde, na wanailipia vilevile. Zote mbili huisha kabla mtu hajamaliza alichokuwa nacho.

Hapa Ukunda hakuna rolakosta. Tuna tuktuk, tuna boda, tuna ngamia wa ufuoni Diani ambao wakiinuka hukurusha mbele kisha nyuma, na siku ya Idd watoto wanashuka baharini kwa makundi wakiwa na nguo mpya na pesa za pembea. Lakini kuanguka tunakujua. Nataka kuzungumza juu ya kuanguka, kwa sababu katika ukoo wetu kuna mtu aliyeanguka na mtu anayeishi kwa kuangusha wengine, na wawili hao ni baba na mwana.

Nianze na mashine yenyewe. Asili yake husemwa kuwa ni Urusi, ambako karne ya 17 na ya 18 watu walijenga vilima vya mbao, wakavimwagia maji yakaganda kuwa barafu, kisha wakateleza navyo. Ndiyo maana mpaka leo Wafaransa wanaiita milima ya Kirusi. Kichekesho ni kwamba Warusi wenyewe wanaiita milima ya Kimarekani, kwa vile Marekani ndiko ilikokuwa biashara kubwa. Mwaka 1884, LaMarcus Thompson alifungua reli yake huko Coney Island, New York. Ilikwenda polepole, kama kilomita 10 kwa saa, mwendo wa baiskeli isiyo na haraka, na watu walilipa senti tano kuipanda. Hakuna tumbo lililobaki nyuma pale. Ila biashara ilikuwa imeshagundua jambo: mtu aliyechoka na kazi ya wiki nzima atatoa pesa mfukoni ili ateremshwe kilima.

Kilichobadilisha mambo hakikuwa mwendo, kilikuwa gurudumu. Ukitaka kumrusha mtu hewani juu ya kilima, gari lenyewe nalo litataka kuruka. Mmarekani John Miller alipata hataza mwaka 1919 ya gurudumu la tatu, linalokaa chini ya reli, likaikumbatia kwa chini gari lisiweze kuachana nayo. Baada ya hapo wajenzi wakawa na ruhusa. Vilima vikawa vikali, mabonde yakawa na kina. Cyclone, rolakosta ya mbao ya Coney Island iliyofunguliwa 1927, bado inaendeshwa. Yote yale tunayoyaita wazimu yalianza pale mtu alipofikiria kwanza jinsi ya kushikilia.

Kazi ya kilima chenyewe ni hesabu ya shule ya upili. Kitu kinachopita juu ya kilima kinataka kuendelea mbele moja kwa moja, na ardhi inakivuta chini. Kama kilima kinapinda chini kwa kasi ileile ambayo mwili ungeanguka wenyewe, basi kiti kinaanguka pamoja nawe, na hakina haja ya kukubeba. Uzito unaouhisi kila siku si ule mvuto wa dunia. Ni kiti kinachokusukuma juu, ni sakafu inayosukuma nyayo. Kiti kikiacha kusukuma, uzito umekwisha. Kwa gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa, inatosha kilele kiwe na mzingo wa nusu kipenyo cha mita 50 hivi. Kwa kilomita 60, mita 28. Wahandisi wa barabara hulaza vilele vyao zaidi ya hapo, kwa sababu dereva lazima aone mbele. Ila barabara zina viraka, zina matuta, zina mabonde ya mvua, na dereva ana haraka.

Wapenzi wa michezo hii wanagawa eataimu mafungu mawili. Kuna ya kuelea, ambapo kiti kinashuka sawa na wewe na unabaki kama jani. Na kuna ya kutupwa, ambapo reli inashuka kwa ukali kuliko mwili unavyoanguka, na ni chuma cha mapajani pekee kinachokuvuta chini. Steel Vengeance, iliyofunguliwa mwaka 2018 katika bustani ya Cedar Point, Ohio, inajulikana kwa kuwapa abiria sekunde 27.2 za hewani ukijumlisha vilima vyote. Sekunde 27. Kuna watu wanasafiri kutoka nchi nyingine kwenda kuzitafuta.

Halafu kuna suala la siti. Katika rolakosta, gari la mwisho ndilo linalovutwa kwa nguvu kupita kilele, kwa maana treni nzima mbele yake imeshaanza kuporomoka. Anayekaa nyuma anatupwa zaidi. Nilipoelezwa hilo nilicheka, kwa sababu watoto wa shule wa Kwale wanaijua fizikia hiyo bila mwalimu. Katika matatu, benchi la nyuma limepita ekseli ya nyuma, kwa hivyo tairi likiinuka au kuzama kidogo, wewe unainuka na kuzama zaidi. Ndipo wanapopagombania. Ndipo pia mtu mzima mwenye mgongo mbovu anapokataa kukaa, hata makanga amwambie, "Mzee, nyuma ni pale kwa VIP."

Mwaka 2004 zilikuja sheria za Michuki. Wale waliokuwa watoto wakati huo wanazikumbuka kwa mstari wa manjano uliochorwa ubavuni mwa matatu. John Michuki, waziri wa uchukuzi, aliagiza vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa na mikanda kwa kila abiria. Kwa muda fulani kila mtu alifunga. Mikanda ilikuwa mipya, michafu kidogo, na makanga walikuwa wanafoka, "Funga mkanda, kuna polisi Ng'ombeni!" Leo ukipanda Likoni kwenda Ukunda, ukipata mkanda, kishikizo hakipo, ukipata kishikizo, mkanda umekatwa ukafungiwa mzigo juu. Tunafunga tukiona polisi, tunafungua tukimpita. Ukiangalia vizuri, sisi tuna milima ya Kimarekani bila gurudumu la Miller.

Binamu yangu alikwenda Emirati miaka sita iliyopita. Vijana wengi wa pwani wamekwenda: walinzi, wahudumu wa hoteli, madereva wa kupeleka chakula. Yeye alipata kazi katika bustani moja ya michezo. Huko ndiko iliko Formula Rossa, rolakosta ya Abu Dhabi iliyofunguliwa 2010, inayofika kilomita 240 kwa saa; abiria wake huvishwa miwani, mchanga na wadudu wasiwapofue. Yeye hayuko kwenye hiyo. Yuko kwenye ndogo zaidi, ambayo anasema jina lake halina maana kwa mtu aliye Ukunda.

Kazi yake ni kufunga watu. Wanaingia, wanakaa, anapita kila siti, anabonyeza kile chuma cha mapajani, kisha anakivuta juu kwa mkono kuona kama kimeshika. Anabonyeza, anavuta. Siti inayofuata. Anabonyeza, anavuta. Akimaliza upande wake anainua kidole gumba, mwenzake upande wa pili anainua cha kwake, na hapo tu mtu wa kitufe anaachia treni. Chuma kimoja kikikataa kufunga, treni nzima haiondoki, hata awe ndani mtoto wa nani. Treni ikipanda utasikia ka-ka-ka-ka. Ni kifaa cha kuizuia isirudi nyuma mnyororo ukikatika. "Ile sauti inawatisha watu," aliniambia katika ujumbe wa sauti, "na ndiyo sauti ya usalama yenyewe. Siku utakaponyamaza ule mlio ndiyo siku ya kuogopa."

Anafanya hivyo mara mia kadhaa kwa siku. Mwanzoni, alisema, alikuwa anaota usiku anavuta vyuma.

Baba yake, mjomba wangu, alikuwa mkwezi. Si mgema, mgema anagema tembo, anapanda mnazi uleule asubuhi na jioni. Mkwezi anaitwa kuangua. Mnazi mrefu wa pwani, wa zile mbegu za zamani, unafika mita 20 na zaidi. Umechongwa vidato, ngazi ndogo ndogo ndani ya shina, na mkwezi anapanda pekupeku, panga kiunoni, bila kamba inayomfunga na chochote. Wakati ule alikuwa akilipwa shilingi 30 kwa mnazi. Kwa siku nzuri alipanda minazi 20. Ukijumlisha, alikuwa akipanda na kushuka zaidi ya rolakosta yoyote ya mwanawe.

Kazi nyingi alizipata ufuoni, kwa mahoteli. Msomaji wa bara huenda asijue: minazi ya hoteli haiachwi na nazi zilizokomaa. Huanguliwa mapema, nazi isije ikaanguka juu ya kichwa cha mgeni aliyelala kivulini na kitabu chake. Ni busara, sikatai. Nazi moja kutoka juu vile inaweza kuua. Ila fikiria hesabu yake. Ili kitu cha kilo moja na nusu kisianguke, mtu wa kilo sitini anapanda bila kamba.

Alianguka mwezi wa sita, kusi imeshika, mvua ya usiku imelowesha shina. Ilikuwa hoteli moja ambayo sitaitaja. Kidato kilichooza kiliteleza chini ya mguu wa kushoto. Waliokuwepo walikadiria mita 15. Nimeshafanya hesabu hiyo mara nyingi kuliko inavyofaa: mita 15 ni sekunde 1.75, na unafika chini na mwendo wa kilomita 62 kwa saa. Mwendo wa matatu halali kabisa. Alivunjika nyonga na paja, na mfupa mmoja wa uti wa mgongo ulibonyea. Alilala hospitali wiki kumi na moja. Hoteli ilimlipia gari la kumpeleka na ikatuma kikapu cha matunda.

Ipo sheria ya fidia kwa majeraha ya kazini, ya mwaka 2007. Tuliisoma, tukauliza. Sheria inamtaka mtu awe ameajiriwa, na mkwezi haajiriwi, mkwezi anaitwa. Mlinzi wa geti anamjua, bustani anamjua, hata meneja anamsalimia, lakini hakuna karatasi popote iliyoandikwa jina lake. Pesa za hospitali zilitoka kwa harambee, kwa shamba kipande kilichouzwa, na baadaye kwa mwanawe. Ndiyo sababu binamu alikwenda Emirati. Hakwenda kutafuta maisha mazuri, kama watu wanavyosema. Alikwenda kulipa sekunde moja na robo tatu.

Mwaka mmoja baada ya kuanza kazi ile, binamu alipiga simu ya video, akatuonyesha treni kutoka mbali ikipita juu ya kilima, mikono ya watu iko juu. Mjomba alikuwa amekaa kwenye kigoda, mkongojo umeegemea ukuta. Alitazama kwa muda.

"Hao wamelipa?"

"Wamelipa, Baba."

"Wamelipa kisha ukawafunga?"

"Ndio, Baba."

"Ukawafunga kisha mkawaangusha."

"Ndio."

"Na hawana kosa na mtu?"

Tulicheka sote, naye akacheka. Binamu akamtajia bei ya tikiti kwa shilingi, na ilikuwa zaidi ya pesa ambazo mjomba alikuwa akipata kwa mwezi wa madafu. Hapo hakucheka. Akauliza swali ambalo sisi wengine hatukuwa tumelifikiria: "Na wakishuka, wanasema ilikuwaje?"

"Wanasema tamu, Baba. Wengine wanarudi kwa foleni kupanda tena."

Mjomba akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeletewa habari anayoijua. "Hawasemi uongo," alisema. "Ni tamu."

Shangazi aliinuka akaingia ndani. Hakupenda maneno yale wala hapendi mpaka leo. Lakini mimi nilimfuata mjomba siku nyingine, nikamuuliza. Akasema mguu ulipoteleza alishtuka, mikono ikashika hewa, kisha mshtuko ukaisha. Panga likamtoka kiunoni, akaliona liko karibu na uso wake, limetulia, kama limewekwa pale. Upepo ulikuwa kimya. Hakuhisi anaanguka. Alihisi ameachiliwa. "Mpwa wangu, kwa miaka ishirini na nane nimeubeba mwili huu kuupandisha minazi ya watu. Pale, ndiyo mara ya kwanza haukuwa mzito. Nisikudanganye. Kabla ya kufika chini, ilikuwa raha."

Nilitaka kuamini kuwa ni mzee anapamba hadithi yake. Kisha nikakutana na habari ya Albert Einstein. Mwaka 1907, akiwa bado mfanyakazi wa ofisi ya hataza huko Bern, Uswisi, ilimjia fikra kwamba mtu anayeanguka hauhisi uzito wake mwenyewe. Baadaye aliieleza kuwa fikra ya furaha kuliko zote maishani mwake, na juu yake akajenga nadharia yake ya mvuto. Hata lile panga lililotulia lipo ndani ya fikra hiyo: vitu viwili vinavyoanguka pamoja huonana vimesimama. Mjomba wangu aliyaona hayo kwa macho yake, mita chache juu ya nyasi za hoteli. Tofauti yake na Einstein ni kwamba Einstein alikuwa amekaa kwenye kiti.

Wala hatuhitaji kwenda Uswisi. Kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970, ilirushwa setilaiti iliyopewa jina Uhuru kwa heshima ya sikukuu yetu. Setilaiti haielei kule juu kwa sababu mvuto umekwisha. Inaanguka. Inaanguka kuizunguka dunia, na dunia inapinda chini yake, kwa hivyo haifiki chini. Ni kile kilima cha Kombani, ila kilele chake hakina mwisho. Sijui aliyechagua jina lile alikuwa amelifikiria hilo.

Kwa hivyo mwili hautofautishi. Ndani ya sikio kuna vijiwe vidogo vinavyotuambia ipi juu na ipi chini, na uzito ukiondoka vinanyamaza, awe mtu ni mtalii, ni mkwezi, ni mtoto wa benchi la nyuma. Utumbo unaachana na ulipokuwa umekaa. Damu inachemka. Ikifika hapo, tajiri na maskini wanapata kitu kimoja, sawasawa kabisa. Tofauti yote imewekwa chini, inangoja.

Siku za kaskazi, mbingu ikiwa safi, utawaona juu ya Diani watu wanaoruka kutoka ndege. Kwanza nukta, kisha mwavuli wa rangi unafunguka. Kabla haujafunguka, wanaanguka kwa mwendo wa kilomita 200 kwa saa kwa nusu dakika au zaidi, na mgeni amefungwa kifuani mwa mtu aliyefanya hivyo maelfu ya mara. Kuna mwavuli, na kuna mwavuli wa akiba, na kuna kifaa cha kuufungua wa akiba kama mtu amezimia. Wanashuka ufuoni taratibu, wanapigwa picha, wanakunywa dafu. Na dafu lile kuna aliyelipandia.

Sina chuki nao. Ningekuwa na uwezo ningeruka. Ninachosema ni kwamba sekunde ile haipaswi kuwa tamu kwa waliolipa peke yao. Hata mbega wa Diani wamefikiriwa: tangu shirika la kuwahifadhi lilipoanzishwa mwaka 1997, zimetundikwa ngazi za kamba juu ya barabara ya ufuoni ili wanapotaka kuvuka kutoka mti hadi mti wasishuke kwenye magari. Nazipenda zile ngazi. Nikipita chini yake na tuktuk huwa natazama juu. Kisha, kwenye ua wa pili, naona mtu pekupeku katikati ya mnazi, na chini yake hamna kitu.

Si kwamba haiwezekani. Huko Kerala, India, ambako minazi ni mingi kama huku, wakwezi walikuwa wanapungua kwa sababu vijana waliogopa. Mwaka 2011 Bodi ya Maendeleo ya Minazi ya huko ikaanzisha mpango wa kufundisha vijana, wa kike kwa wa kiume, kupanda kwa kifaa cha chuma kinachobana shina, na ikawakatia bima. Kifaa chenyewe si roketi. Ni fremu mbili za chuma na waya, fundi yeyote wa Ukunda mwenye mashine ya kuchomelea angekitengeneza akipewa mfano. Kamba ya kiunoni nayo inauzwa kwa bei ya chakula cha mchana cha wageni wawili.

Niliwahi kumwambia mjomba kuhusu kifaa hicho. Alikisikiliza chote, akauliza kinapita vipi mahali shina limevimba, akauliza mvua inakifanyaje. Maswali ya fundi. Mwisho akasema, "Sisi tulikuwa na dua." Kisha, baada ya kunyamaza kidogo: "Dua na kamba hazigombani."

Pesa ambazo mwanawe anatuma sasa zimeanza kubaki. Mwaka juzi mjomba alinunua miche ya vitamli, minazi ile mifupi, akaipanda safu mbili nyuma ya nyumba pale ulipokuwa mnazi mrefu aliokuwa ameurithi. Vitamli huanza kuzaa baada ya miaka mitatu, minne hivi, na kwa miaka mingi mtu huangua dafu akiwa amesimama chini. Jirani alimtania: mkwezi mzima anapanda minazi ya watoto? Akajibu kwamba ndiyo, ni ya watoto.

Hao watoto, wajukuu wake, wao walitaka pembea. Kuna mwembe mkubwa mbele ya nyumba na tawi moja limelala vizuri. Mjomba alikataa kamba ya sisali waliyoileta, akatuma mtu sokoni kuleta ya mashua. Alielekeza fundo kutoka kwenye kigoda, akasema lirudiwe, likarudiwa. Kisha akajikongoja mpaka chini ya tawi, akaitupa fimbo pembeni, akashika kamba kwa mikono miwili na kujining'iniza kwa uzito wake wote, mguu mbaya ukiwa hewani. Akaachia. Akavuta tena. Akahamia kamba ya pili, akavuta. Nilikuwa nimeshawahi kuona mtu akifanya hivyo, kwenye simu, siti baada ya siti.

Aliporidhika alimwita mdogo kuliko wote, msichana wa miaka mitano, akamkalisha.

"Ukifika juu kabisa," alimwambia, "usifumbe macho. Pale ndipo penyewe."